Kuchonga shujaa kwa mtindo wa Kijapani: kutoka mbao za Ndeeba hadi chapa ya ishirini

Tazama kwa karibu chapa ya shujaa, yaani picha iliyopigwa karatasini kwa vibao vya mbao vilivyochongwa, iliyotoka Edo, Tokyo ya zamani, utaona kwamba nguvu yote imebebwa na mstari mweusi. Ondoa nyekundu, ondoa buluu, shujaa bado anakutolea macho. Ondoa mstari, kinabaki kitambaa chenye madoa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelekezo haya inahusu kibao kimoja tu, kile cha mistari. Vibao vya rangi ni wafuasi wake.

Picha za aina hii huitwa musha-e. Utagawa Kuniyoshi (1798–1861) ndiye aliyezipatia umaarufu mkubwa, mwishoni mwa miaka ya 1820, kwa mfululizo wa mashujaa wa Suikoden, hadithi ya Kichina ya waasi 108. Mwanafunzi wake Tsukioka Yoshitoshi (1839–1892) akaupokea mkondo huo. Wote wawili hawakuchonga wala kupiga chapa. Mchoraji alichora, horishi akachonga, surishi akapiga chapa, na hanmoto akatoa mtaji akauza. Hapa Kampala wewe utakuwa wote wanne, na makosa mengi huanzia pale: mchoraji anachora kitu ambacho mkono wa mchongaji hauwezi kukitoa kwenye mbao.

Kumpata shujaa na kumpanga

Unaweza kunakili Benkei na Yoshitsune, mashujaa wa hadithi za Kijapani, wakipambana darajani Gojo, na kama zoezi si vibaya. Lakini ukitaka picha yako mwenyewe, Buganda ina shujaa anayeuingia mtindo huu kama mkono kwenye glavu: Kibuuka Omumbale, aliyepaa mawinguni na kuwarushia Wanyoro mikuki kutoka juu, hadi walipogundua siri na kulenga mishale kwenye wingu lenyewe. Masalia yake yalirudishwa Uganda kutoka Cambridge mwaka 1962 na yamo katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Wingu, mkuki, mishale inayopanda: vyote ni vitu ambavyo wachoraji wa Edo walivipenda. Maelekezo yanayofuata yanamtumia yeye.

Kanuni za kumpanga shujaa wa musha-e ni chache, na haziachwi. Mwili hujaza karatasi: kichwa karibu kiguse ukingo wa juu, na si vibaya mguu au ncha ya silaha ikikatwa na ukingo. Silaha hupita mshazari. Kiuno kinaelekea huku, uso kule, ili mwili uonekane umesokotwa kama kamba. Vidole vya mikono na miguu vimetanuka au vimekunjwa, kamwe havilegei. Na macho: mwigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, akifika kilele cha tendo hugandisha mwili na kupotosha jicho kuelekea pua. Pozi hilo huitwa mie, na wachoraji wa mashujaa waliliazima. Mchore Kibuuka akiangalia chini kwa utulivu na umepata picha ya kitabu cha shule. Mpe jicho la mie na wingu lote linatikisika.

Kona ya juu weka kisanduku chekundu cha jina. Sahihi na muhuri wako viwe chini kwenye nafasi tupu. Usinakili muhuri mdogo wa duara unaouona kwenye chapa nyingi za kabla ya 1842, ule wa herufi moja isomekayo kiwame. Huo si pambo, ni muhuri wa ukaguzi ulioamriwa na serikali. Serikali haikuwa na mzaha: mwaka 1804 mchoraji Utamaro aliadhibiwa kwa picha zilizomhusu mtawala Hideyoshi.

Ukubwa wa kawaida wa chapa za Kuniyoshi ni ōban, takriban sm 38 kwa 26. Kazi ya kwanza ifanye nusu yake, chūban, takriban sm 26 kwa 19. Sababu si woga. Ni kwamba mbao nzuri kwa kibao cha mistari hapa kwetu hazipatikani kwa upana mkubwa.

Mbao

Wajapani hutumia yamazakura, mcheri wa mwituni, uliopasuliwa kufuata urefu wa shina. Sifa yake ni kwamba ugumu wake ni sawa kila mahali na vitundu vyake ni vidogo. Hizo ndizo sifa za kutafuta, si jina la mti.

Ukienda kwenye yadi za mbao za Ndeeba, hapa Kampala, muuzaji atakupa mvule kwanza, kwa heshima. Mwachie. Mvule hukusanya ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyovunja ncha ya kisu, na nyuzi zake hupishana. Mahogani nayo nyuzi hupishana na vitundu ni vikubwa, mstari mwembamba unavunjika kama biskuti. Msonobari una pete ngumu na laini zinazofuatana, kisu kinateleza kwenye moja na kuzama kwenye nyingine. Emidiefu (MDF, ubao wa unga wa mbao uliobanwa) hunywa maji ikavimba. Mfenesi huchongeka vizuri lakini ukilowa hutoa rangi ya manjano, basi uweke kwa rangi za joto tu.

Kwa kibao cha mistari, mbao za mchungwa ndizo za kutafuta: ngumu, laini kwa mguso, vitundu havionekani kwa macho. Michungwa mizee inayokatwa Teso huishia kuwa kuni na mkaa, kwa hiyo bei si tatizo. Tatizo ni upana. Pasua vipande vya sm 7 au 8, unene mm 22, viunganishe ubavu kwa ubavu kwa gundi ya mbao isiyoyeyuka kwa maji, ukihakikisha nyuzi za vipande vyote zinaelekea upande mmoja. Ukigeuza kipande kimoja, randa itang'oa nyuzi upande huo kila ukipita. Hakikisha maungio hayapiti usoni pa shujaa. Kwa vibao vya rangi, jakaranda au musizi iliyokauka inatosha kabisa. Rangi haihitaji nywele.

Ukauke ni jambo la kusisitiza. Mbao za yadi huuzwa zikiwa bado na maji. Zipange kivulini, vijiti katikati ya kila ubao na mwenzake, upepo upite. Kila Jumamosi pima ubao mmoja kwa mizani ya jikoni. Uzito usipobadilika wiki tatu mfululizo, anza kazi. Ukichonga mapema, kibao kitapinda baada ya kazi yote kuisha, na kibao kilichopinda hakirudi.

Malizia uso wa kibao kwa randa kali, usitumie msasa. Chembe za msasa hubaki kwenye mbao zikaua makali ya kisu, na vinyweleo unavyoinua vitafanya mstari uvuje.

Visu

Kazi kubwa hufanywa na kisu kimoja cha mshazari. Katwe mafundi hukata blade ya msumeno wa mashine, upana mm 7, ncha ikikatwa kama nyuzi 45, makali yakinolewa upande mmoja tu. Mwambie fundi achovye kwenye maji kila anapogusisha kwenye grainda. Chuma kikigeuka buluu kimepoteza ukali wake, na utakinoa kila dakika tano. Zaidi ya hicho unahitaji patasi bapa mbili, mm 3 na mm 12, patasi za mviringo mbili, mm 3 na mm 6, na nyundo ya mbao. Kwa vijia vyembamba kuliko hivyo, ubavu wa mwavuli mbovu una umbo la mfereji tayari: kata sm 6, noa ncha kwa nje, chomeka kwenye mpini. Noa kisu kila robo saa, kabla hakijakuwa butu. Kisu butu ndicho kinachokata vidole, kwa sababu unakisukuma.

Kuhamishia mchoro

Chora mchoro wa mwisho kwa wino kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Huu ndio hanshita, nao utaharibiwa na uchongaji, kwa hiyo upige fotokopi kwanza. Mistari ya mavazi na wingu iwe ya mm 1 hadi 1.5, inayonenepa na kupungua, ya uso mm 0.5. Usichore mstari wowote ambao hukuuona kichwani ukiwa umesimama kama ukuta wa mbao.

Pamoja na mchoro, chora alama mbili za kento, ambazo ndizo zitakazokutanisha rangi zote. Ya kwanza, kagi, ina umbo la pembe mraba na hukaa mahali kona ya chini ya kulia ya karatasi itakapoketi kwenye kibao (kwenye mchoro ichore kushoto, maana mchoro utabandikwa uso chini na kugeuka). Ya pili, hikitsuke, ni mstari mnyoofu kwenye ukingo huohuo wa chini, upande wa kushoto wa kibao, kama theluthi moja kutoka kona ya kushoto. Zote ziwe nje ya picha kwa mm 12.

Paka gundi ya wanga kwenye kibao kwa kiganja, tabaka jembamba kiasi kwamba kiganja kinaanza kunata. Laza hanshita, uso ukiwa chini. Lainisha kutoka katikati kwenda nje. Acha kikauke kivulini, siyo juani, maana karatasi ikikauka haraka hunywea na mchoro wako unapungua kwa milimita. Kisha lowesha ncha ya kidole na sugua mgongo wa karatasi taratibu, nyuzi zitatoka zikijiviringa hadi ubaki utando mwembamba. Tone la mafuta ya simsim juu yake, na mistari inajitokeza myeusi kana kwamba imechorwa kwenye mbao.

Kwa kulaza uso chini, picha imegeuka, na chapa itageuka tena kuwa sawa. Wanaotumia kaboni badala ya kubandika husahau hili. Jina linatoka kinyume, na Kibuuka anakuwa wa mkono wa kushoto.

Kuchonga kibao cha mistari

Shika kisu kama unavyoshika jambia, ngumi imefungwa, kidole gumba juu ya mpini. Kidole cha kati cha mkono wa pili kikae karibu na ncha, kikiongoza. Unavuta kuelekea kwako.

Mkato wa kwanza unapita kando ya mstari, kisu kikiwa kimelala kidogo ili ukuta wa mstari uteremke kwenda nje. Mstari unapaswa kuwa mpana chini kuliko juu, kama tuta la viazi. Mkato wa pili unapita mm 1 au 2 pembeni, umelala upande mwingine, ukutane na wa kwanza chini. Uzi wa mbao unatoka, na umebaki na mfereji. Geuza kibao, fanya upande wa pili wa mstari. Kina cha mm 1 hadi 2 kinatosha hapo. Hatari kubwa ni kulaza kisu upande usiofaa, ukachimba chini ya mstari. Hutaona chochote siku hiyo. Utakiona kwenye chapa ya kumi, mstari utakapobonyea na kung'oka.

Panga mchoro ili nyuzi za mbao zifuate mkuki na nywele. Mstari unaokata nyuzi ni dhaifu. Upe mteremko mpana zaidi na usiusafishe mpaka mwisho. Penye makutano ya mistari, anza kukata kutoka kwenye makutano ukielekea nje, ili kisu kikiteleza kiharibu sehemu itakayotupwa.

Katika karakana za Edo, nyuso na nywele zilikuwa za mchongaji mkuu. Wanagenzi walichonga mavazi na mandhari. Ifuate ratiba hiyo kwa mkono wako mmoja: anza na wingu, kisha ngao, kisha lubugo (vazi la gome la mti), na usiguse uso kabla ya siku ya tatu. Jicho la mie chonga kwa utaratibu huu: mboni kwanza kwa mikato mifupi ukizungusha kibao, siyo kisu, kisha kope ya juu, ambayo ndiyo nene, kisha ya chini, nyembamba. Mwanga mdogo ndani ya mboni uchimbe kwa ncha tu, mzunguko mmoja. Mboni ikivunjika uso umekufa, lakini kibao hakijafa: chimba shimo la mraba, pachika kijiti cha mchungwa kwa gundi, kikwangue kiwe sawa na uso wa kibao, uchonge tena. Wajapani huita kiraka hicho umeki, na hakuna aibu ndani yake.

Mistari ikiisha, safisha sehemu zisizotakiwa. Karibu na mstari mm 2, na kadiri nafasi inavyopanuka ndivyo unavyozidi kushuka, hadi mm 5 au 6 katikati ya anga tupu. Karatasi mbichi hubonyea. Nafasi pana isiyo na kina itaokota wino na kuchafua mbingu. Usichimbe sana karibu na mstari mmoja uliobaki peke yake, utaumaliza nguvu.

Kento chonga mwisho, kwa patasi bapa ya mm 12. Gonga wima kwenye mstari, kisha teremsha kutoka upande wa karatasi, kina kisizidi mm 1. Kuta ziwe wima kabisa.

Vibao vya rangi

Paka kibao cha mistari wino, pamoja na alama za kento, na upige chapa sita kwenye karatasi nyembamba, karibu kavu. Hizi ni kyōgō. Chukua moja kwa kila rangi, paka penseli nyekundu mahali rangi hiyo itakapokaa, bandika uso chini kama ulivyobandika hanshita, na chonga kila kisichopakwa. Rangi ifike katikati ya unene wa mstari mweusi, si ukingoni mwake. Hapo hata karatasi ikisogea nusu milimita, weupe hauonekani. Tumia pande zote mbili za ubao: rangi tano, mbao tatu.

Kwa Kibuuka gawanya hivi: kahawia ya mwili, kahawia-nyekundu ya lubugo, kijivu cha wingu, buluu ya anga, nyekundu ya kisanduku cha jina.

Kuna jambo hapa ambalo vitabu vya Kijapani havitakuambia. Katika chapa nyingi za Edo ngozi ya shujaa huachwa nyeupe ya karatasi au hupakwa rangi hafifu sana, na mstari wa mm 0.3 unaonekana vizuri juu yake. Mwili wa Kibuuka ni kahawia. Ukipaka kahawia nzito, mistari ya misuli inazama, na shujaa anakuwa kivuli. Tiba ni tatu, na zote zitumike. Ongeza unene wa mistari ya mwili hadi mm 0.8, tangu kwenye hanshita. Rangi ya mwili iwe ya kupenya mwanga, maji mengi na rangi kidogo, usichanganye na nyeupe. Na kwenye kibao cha kahawia chonga mianya myembamba kando ya misuli mikubwa, bega, paja, kigimbi, ili karatasi ing'ae hapo kama jasho.

Lubugo linaomba kitu kingine. Nyundo yenye mifereji inayotumika kuliponda gome la mutuba huacha mistari midogo sambamba. Chonga mistari hiyo kwa ubavu wa mwavuli kwenye kibao cha kahawia-nyekundu, mm 1 kati ya mmoja na mwingine, nusunusu tu, penye mikunjo. Mtu yeyote aliyewahi kushika lubugo atalitambua. Kwa kijivu cha wingu tumia musizi na usugue kibao kwa burashi ya waya kufuata nyuzi kabla ya kupiga chapa. Sehemu laini zinashuka, na nyuzi za mbao zenyewe zinakuchorea wingu.

Karatasi

Karatasi ya Kijapani inatokana na gome la kozo, jamii ya mforosadi wa karatasi. Mforosadi wa karatasi wenyewe, Broussonetia papyrifera, uliletwa Uganda na leo ni gugu linalosumbua msitu wa Mabira na Budongo. Kwa maneno mengine, malighafi inayogharimu fedha nyingi huko nje hapa inatafutiwa dawa. Ndani ya hifadhi usikate bila kibali cha Mamlaka ya Misitu.

Kwa ufupi: chukua matawi ya mwaka mmoja, yafukize kwa mvuke saa mbili, menya gome, kwangua ngozi nyeusi ya juu. Chemsha gome jeupe kwenye maji ya majivu au magadi saa tatu hadi lichanike kwa vidole, suuza sana, liponde kwa nyundo ya mbao hadi liwe kama uji wa nyuzi. Wajapani huongeza ute wa mizizi ya tororo-aoi ili nyuzi zielee sawasawa. Mmea huo ni ndugu wa bamia, na ute wa bamia hufanya kazi. Chota kwa fremu ya wavu, kausha ubaoni.

Karatasi ya nyumbani hunywa mno. Itie dōsa: lita 1 ya maji ya moto, gramu 20 za gundi ya ngozi, gramu 8 za shabu. Paka ikiwa vuguvugu, upande mmoja, anika kivulini. Shabu ikizidi karatasi hukauka na kukatika baada ya miaka.

Usipotaka kutengeneza, nunua yoyote isiyong'aa na uipime hivi: lowesha kona, isugue kwa kidole mara ishirini. Ikitoa vijidonge, irudishe. Lubugo lenyewe kama karatasi? Halishiki mstari wa mm 0.5. Libandike nyuma ya chapa iliyokamilika kama fremu, litapendeza hapo.

Wino, gundi, burashi, baren

Wino mweusi wa dukani wenye lacca hukauka kwenye kibao na kuziba mistari. Masizi ya taa ya mafuta ni bora. Masizi hayakubali maji, kwa hiyo yakande kwanza na matone machache ya waragi (pombe kali), kisha ongeza maji ya gundi ya ngozi, gramu 5 kwa mililita 100, hadi yawe kama maziwa ya mgando mepesi. Rangi nyingine tumia za maji za mirija. Buluu iwe ya Prussia, ileile iliyoenea Edo kuanzia karibu na 1830. Ina nguvu, kwa hiyo anza na kidogo.

Gundi: kijiko 1 cha unga wa mchele, vijiko 6 vya maji baridi, koroga kisha pika moto mdogo mpaka ipenye mwanga, chuja kwa kitambaa. Unga wa posho (mahindi) usijaribu, chenga zake zinaonekana kwenye chapa kama chunusi. Tone la mafuta ya karafuu huchelewesha kuvu, lakini siku ya nne tupa.

Burashi ya viatu ya nywele za farasi inafaa kabisa. Choma unywele mmoja: ukinuka kama nywele ni sawa, ukiyeyuka ni nailoni. Babua ncha kwenye bati la moto, kisha zisugue zikiwa na maji juu ya kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, upande wa mparuzo, mpaka zigawanyike na kulainika. Wajapani hutumia ngozi ya papa.

Baren ndicho kisuguo. Kata duara la plaiwudi sm 12, zungushia gundi na kamba nyembamba ya katani kama konokono kutoka katikati, funika kwa ganda. Asili ni ganda la mwanzi, na wanaovuna malewa, machipukizi ya mwanzi, mlima Elgon huyatupa maganda hayo. Chagua mapana, sugua vinyweleo vyote. Byayi (maganda ya shina la mgomba) kavu, upande wa kung'aa ukiwa nje, hufanya kazi pia ila huchanika baada ya chapa thelathini hivi. Lowesha, livute likaze, fungia mgongoni liwe mpini.

Siku ya kupiga chapa

Jioni kabla, lowesha karatasi moja kati ya kila tatu kwa burashi, zipange pamoja, funga kwenye plastiki, weka uzito. Asubuhi zote zitakuwa na unyevu sawa. Gusisha shavuni: iwe baridi bila kung'aa kwa maji. Zisikae hivyo zaidi ya siku mbili, kuvu wa Kampala hawangoji. Miezi ya kiangazi anza alfajiri. Saa sita karatasi imekwisha kunywea na kento hazitakuokoa.

Pangusa kibao kwa kitambaa chenye maji mara kadhaa kwa nusu saa. Weka wino, na gundi ya ukubwa wa harage moja, sambaza kwa mizunguko, malizia kwa mikupuo miepesi kufuata nyuzi. Kona ya karatasi iingie kwenye kagi kwanza, ishikilie, kisha ukingo ukae kwenye hikitsuke, ndipo ulaze. Paka baren chembe ya mafuta ya simsim na usugue kwa zigizaga, uzito ukitoka begani, si kifundoni. Chapa tano za kwanza ni za kibao kunywa, usizihesabu.

Mistari kwanza kwa karatasi zote, halafu rangi ndogo na hafifu, kisha pana na nzito. Buluu iwe ya mwisho, kwa bokashi: lowesha kibao chote, weka rangi ukingo wa juu pekee, pitisha burashi pana kulia-kushoto bila kuinua, ukishuka kidogokidogo hadi rangi ife juu ya wingu. Maji yakizidi, mfifio unakuwa na mpaka kama doa la chai.

Rangi ikitoka na vitone vyeupe, gundi ni kidogo au mkono ni mwepesi. Wajapani huita hali hiyo goma-zuri, chapa ya simsim, na wakati mwingine huitaka makusudi. Kwenye wingu inapendeza, kwenye uso haivumiliki. Mistari ikiwa na ndevu, wino umezidi au karatasi imelowa. Rangi zikihama zote upande mmoja, kento ina kosa: bandika kijiti chembamba au kwangua kidogo. Zikihama kila moja kivyake, karatasi inakauka. Irudishe kwenye plastiki.

Zikishatimia ishirini, zikaushe kati ya kadibodi, ukibadilisha kadibodi mara mbili siku ya kwanza. Vibao suuza kwa maji baridi na burashi bila sabuni, visimamishe kivulini kwa ubavu, na kwa penseli andika nyuma ya kila kimoja jina la rangi, kiasi cha maji na gundi ulichotumia, na kilikuwa cha ngapi kupigwa.